Kuanguka kwa The Marvels Hakuwatii Hatiani Wahakiki wa 2019

Filamu ya The Marvels iliingia kwenye kumbi za sinema za Marekani tarehe 10 Novemba 2023, na ilipoondoka ilikuwa imekusanya takribani dola milioni 206 duniani kote, kiasi kidogo kuliko cha filamu nyingine yoyote ya studio ya Marvel tangu mfululizo wake uanze na Iron Man mwaka 2008. Tangu hapo kumezuka hoja inayorudiwa kwa uhakika wa kushangaza, kwamba watazamaji hatimaye wametamka ukweli ambao wahakiki waliuficha mwaka 2019, pale Captain Marvel, filamu ya kwanza ya steringi huyohuyo, shujaa wa kike, ilipopewa sifa isizostahili na kuvuna zaidi ya dola bilioni 1.1. Mpwa wangu, ambaye tulibishana naye juu ya filamu ile mwaka 2019, aliniandikia neno moja tu: “Umeona?” Nimeona, lakini sikuona alichokiona yeye. Wahakiki wa 2019 hawakuipamba filamu ile wala hawakuihujumu. Waliipa hukumu ya wastani, kwa sababu za kisanaa zinazoeleweka, na hukumu hiyo ikamezwa na vita ya namba ambazo wengi wetu hatukujua zinapimaje. Kilichotokea mwaka 2023 hakiwezi kurudi nyuma kuibadilisha.

Tuanze na namba yenyewe, kwa kuwa ndiyo chanzo cha kutoelewana. Tovuti ya Rotten Tomatoes iliipa Captain Marvel asilimia 79. Wapo walioisoma kama alama ya mtihani, wakasema filamu yenye dosari dhahiri kama ile haiwezi kupata alama 79 bila kubebwa. Wapo pia walioilinganisha na asilimia 93 ya Wonder Woman ya mwaka 2017, filamu nyingine ya shujaa wa kike, wakasema imedhulumiwa. Pande zote mbili zilisoma kitu ambacho hakikuandikwa. Tovuti ile huchukua kila uhakiki na kuuuliza swali moja: mwandishi huyu, kwa jumla, anaikubali filamu au anaikataa? Aliyeipenda kupita kiasi na aliyesema “inatosha kwa jioni moja” huhesabiwa sawa. Mzazi wa Kitanzania anaijua tofauti hii bila kufundishwa. Shule ikitangaza kuwa asilimia 79 ya watahiniwa wake wa kidato cha nne wamefaulu, hakuna anayedhani kila mtoto amepata alama 79, kwani huenda wengi wao wamepata daraja la nne na shule bado ikabaki na asilimia yake ya kujivunia. Anayetaka kujua wastani wa alama hutazama kwingine, na kwa filamu kwingine huko ni Metacritic, inayokokotoa wastani wa alama za wahakiki. Huko Captain Marvel ilipata 64, ilhali Wonder Woman ilipata 76. Sitini na nne ndiyo sauti halisi ya wahakiki wa Machi 2019: ni filamu nzuri kiasi, si zaidi ya hapo.

Mizani ya kutosha ya kupima madai ya upendeleo ipo ndani ya mfululizo huohuo wa Marvel. Filamu ya kwanza ya Captain America, iliyotoka mwaka 2011 na yenye mwanamume mbele, ina karibu asilimia 80 kwenye Rotten Tomatoes na 66 kwenye Metacritic. Thor ya mwaka huohuo ina takribani 77 na 57. Ant-Man ya 2015 ina kama 83, na wastani wake ni 64, sawasawa na wa Captain Marvel. Hizi ni filamu za kutambulisha shujaa, zilizojengwa kwa kiunzi kimoja, na wahakiki wamezipokea kwa uvuguvugu unaofanana kwa karibu miaka kumi. Anayesema Captain Marvel ilibebwa kwa sababu ya jinsia ana deni la kueleza nani aliibeba Ant-Man. Na anayesema ilionewa kwa sababu hiyohiyo naye ana deni la kueleza kwa nini haikupimwa tofauti na Captain America, shujaa wa kiume mwenye ngao.

Hukumu yenyewe ilihusu nini? Jambo lililorudiwa zaidi na wahakiki lilikuwa muundo wa hadithi. Filamu inamwanzisha mhusika mkuu akiwa amepoteza kumbukumbu, askari katika jeshi la watu wa sayari nyingine wanaoitwa Wakree, na inamtupa duniani mwaka 1995 akajitafute. Ujanja huo una gharama yake. Mtu asiyejua amepoteza nini hawezi kutuuma kwa kukipoteza, na mtazamaji anakaa saa nzima akisubiri kumfahamu mtu ambaye mwenyewe hajijui. Waongozaji Anna Boden na Ryan Fleck walikuwa wametoka kwenye filamu ndogo za watu na hali zao, kama Half Nelson ya 2006, na mkono wao ulionekana kwenye mazungumzo kuliko kwenye mapigano, ambayo wengi waliyalalamikia kuwa yana giza na hayana mpangilio. Wimbo wa bendi ya No Doubt uliowekwa juu ya pambano la mwishoni uliwakera baadhi yao kwa kusema kwa sauti kile ambacho picha ilikuwa tayari imekionyesha. Kwa upande mwingine, Ben Mendelsohn alisifiwa karibu na kila mtu kwa nafasi ya Talos, kiongozi wa Waskrull ambao filamu inawaanzisha kama maadui na kuwageuza kuwa wakimbizi. Ukaribu wa Brie Larson, aliyecheza Captain Marvel, na Samuel L. Jackson, aliyecheza Nick Fury akiwa amepunguzwa umri kwa kompyuta, ulipendwa. Na yule paka wa kwenye filamu, bila shaka. Binafsi onyesho lililobaki kichwani mwangu ni la Nick Fury akiosha vyombo kule nyumbani kwa Maria Rambeau, rafiki wa shujaa wetu, Louisiana. Filamu yenye uwezo wa kutulia namna ile ingetulia mara nyingi zaidi ningeipa zaidi ya 64.

Kulikuwa na lawama nyingine iliyotoka upande usiotarajiwa, nayo inavunja dhana ya kwamba waliopenda siasa za filamu waliinyamazia. Jeshi la Anga la Marekani lilishirikiana na watengenezaji, na Brie Larson alijifunza kutoka kwa Jeannie Leavitt, mwanamke wa kwanza kuwa rubani wa ndege za kivita katika jeshi hilo, ambaye mlango huo ulimfungukia mwaka 1993 tu. Jeshi nalo likautumia msimu wa filamu kuwaita wasichana wajiunge. Baadhi ya waandishi wa mrengo wa kushoto waliuliza, kwa ukali, ikiwa ukombozi wa mwanamke umekuwa ni kumpa ndege ya kudondosha mabomu. Ukiisoma lawama hiyo pamoja na zile za muundo, unaona uwanja wa uhakiki uliokuwa na mabishano ya kawaida, yenye afya, juu ya filamu ya kawaida.

Mabishano hayo hayakusikika kwa sababu vita ilikuwa imeanza kabla filamu haijatoka. Mnamo Juni 2018, akipokea tuzo ya shirika la wanawake katika filamu, Larson alitumia jukwaa kuzungumzia utafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California uliopitia hakiki za filamu 100 zilizoongoza kwa mapato mwaka 2017 na kukuta karibu asilimia 78 zimeandikwa na wanaume, na karibu asilimia 4 tu zimeandikwa na wanawake wasio Wazungu. Alisema hahitaji mwanamume Mzungu wa miaka 40 amweleze kasoro za filamu ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake, na katika hotuba hiyohiyo akasema kwamba hawachukii wanaume Wazungu. Sehemu ya kwanza ilisafiri, ya pili ikaachwa stesheni. Februari 2019 alirudia katika mahojiano na jarida la Marie Claire kwamba angependa kuona waandishi wa aina mbalimbali zaidi kwenye ziara yake ya kuitangaza filamu, na hapo wapo walioamua kwamba filamu haiwahitaji. Walikwenda Rotten Tomatoes, ambako kulikuwa na kipimo cha watu wanaotaka kuiona filamu, wakakishusha hadi kikawa kichekesho. Mwishoni mwa mwezi huo tovuti ilikiondoa kipimo hicho na kufunga maoni ya kabla ya filamu kutoka. Filamu ilipofunguliwa tarehe 8 Machi, ndani ya saa chache kulikuwa na kura za watazamaji zaidi ya 50,000, nyingi kuliko ambazo Avengers: Infinity War ilikuwa imezikusanya kwa muda wake wote kumbini. Tovuti ilieleza kwamba hitilafu ilikuwa imechanganya maoni ya kabla na ya baada, ikaondoa makumi ya maelfu. Alama ya watazamaji imebaki chini ya asilimia 50 hadi leo.

Wanaodai wahakiki walikuwa waoga wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Katika hali kama ile, mwandishi aliyeiona filamu kuwa dhaifu alijua kwamba uhakiki wake ungekatwa vipande na kutumiwa na watu asiotaka kukaa nao meza moja. Inaelekea baadhi walilainisha maneno. Ziliandikwa hakiki zilizotumia aya tatu kueleza umuhimu wa kuwa na shujaa wa kike na aya moja juu ya filamu yenyewe, jambo ambalo ni udhaifu wa kazi hata kama halina nia mbaya. Huko nyuma umuhimu huo ulikuwa wa kweli: Marvel ilitengeneza filamu 20 kabla ya kumpa mwanamke filamu yake peke yake, na Boden alikuwa mwanamke wa kwanza kuiongozea studio hiyo filamu. Lakini umuhimu wa tukio si ubora wa kazi, na mhakiki anayechanganya hivyo viwili anamwibia msomaji. Hapo nakubaliana nao. Ninapoachana nao ni kwenye ukubwa wa jambo. Uoga huo, kama ulikuwepo kwa kiwango wanachodai, ungeonekana kwenye wastani, na wastani umekaa palepale zilipokaa filamu za aina yake zisizo na mgogoro wowote.

Upande wa pili nao ulikuwa na upofu wake. Kwa kuwa kampeni ya kuishusha ilikuwa ya kweli na yenye hesabu zinazoonekana, ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba kila aliyeikosoa alitoka katika kundi lile. Hitimisho hilo liliwafanya waliokaa kwenye kiti, wakatazama hadi mwisho na kutoka na mashaka, wakiwemo wanawake wengi, waonekane wasaliti. Na lilikuwa na tokeo lingine ambalo watetezi wa filamu hawakuliona: liliinyima filamu haki ya kuwa ya wastani. Wonder Woman ilifanikiwa sana ikapewa kazi ya kuthibitisha kuwa mwanamke anaweza. Iliyofuata ikatakiwa kuthibitisha tena. Ant-Man haikupewa mzigo wa kuthibitisha chochote kwa niaba ya wanaume, ikasahaulika kwa amani.

Wengine hukimbilia mapato kama mwamuzi, na huu ni ushahidi mbovu kwa pande zote. Mwezi Aprili 2018 Infinity War ilimalizika kwa Nick Fury kuachia peja (kifaa cha zamani cha kuitana) yenye alama ya Captain Marvel ikidondoka ardhini, na mwendelezo wake, Avengers: Endgame, ulitoka Aprili 2019, wiki saba tu baada ya filamu yake. Mtu yeyote aliyetaka kujua dunia itaokolewaje alikata tiketi. Sehemu kubwa ya ile bilioni ilinunuliwa na peja. Kusema hivyo si kuibeza, maana studio iliupanga mpangilio huo kwa ustadi, na watazamaji waliohojiwa mlangoni usiku wa kwanza na kampuni ya CinemaScore waliipa daraja A, kwa hiyo hawakujutia fedha zao. Lakini anayetumia mapato yale kuthibitisha ubora atalazimika kuyatumia pia mapato ya 2023 kuthibitisha ubovu, na ndiyo mtego ambao mpwa wangu amenitegea.

Hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, kwamba mwendelezo ulioanguka unafichua ukweli juu ya filamu iliyotangulia. Kwanza, inajipinga kwa vipimo vyake vyenyewe. Wanaoishikilia ndio walioishikilia alama ya watazamaji ya 2019 kama sauti ya umma. Sasa, kwenye tovuti ileile, The Marvels ina alama ya watazamaji inayozidi asilimia 80, ilhali wahakiki wameipa takribani 62. Tukifuata kanuni yao, umma uliichukia filamu iliyoingiza bilioni na kuipenda iliyoanguka. Maelezo ni mepesi: kuanzia Mei 2019 tovuti ilianza kutanguliza kura za watu waliothibitishwa kununua tiketi, hivyo namba ya kwanza ilipigwa na umati, wakiwemo wasioiona filamu, na ya pili na wachache waliojitoa kwenda kuiona. Hakuna kati ya hizo inayoweza kuitwa sauti ya watazamaji.

Pili, hebu tutazame jirani. Aquaman ilitoka Desemba 2018, miezi mitatu kabla ya Captain Marvel, ikaingiza dola bilioni 1.15 huku wahakiki wakiipa asilimia 65 tu. Mwendelezo wake wa Desemba 2023 haukufika hata nusu ya hapo. Shazam! ya Aprili 2019 iliingiza karibu dola milioni 366, na mwendelezo wake wa 2023 ukaambulia kama milioni 134. The Flash nayo ilizama mwaka huohuo. Sijasikia mtu akisema kuwa umma hatimaye umefichua unafiki wa walioisifu Shazam! mwaka 2019. Hao ni wanaume, na kushindwa kwao kumeelezwa kwa mambo ya kawaida: uchovu wa watazamaji, ratiba, bajeti, hadithi isiyoshika.

Haki inanitaka nikiri kwamba anguko la The Marvels lilikuwa kubwa kuliko la hao wengine; lilibakiza chini ya sehemu moja kati ya tano ya mapato ya filamu ya kwanza. Lakini lilianzia juu ya kilele cha bandia, kile cha peja, na lilisukumwa na mambo ambayo hayahitaji nadharia. Mgomo wa waigizaji wa Marekani ulidumu tangu Julai hadi tarehe 9 Novemba 2023, siku moja kabla ya filamu kufunguliwa, kwa hiyo waigizaji wake wakuu, Larson, Iman Vellani na Teyonah Parris, hawakuruhusiwa kuitangaza kwa muda wote huo. Wawili kati ya hao watatu walicheza wahusika waliokuzwa kwenye tamthilia za Disney+, huduma ya Disney ya kutazama kwa mtandao, yaani WandaVision ya 2021 na Ms. Marvel ya 2022, na mtazamaji aliyeacha kufuatilia baada ya Endgame alijikuta anaingia kwenye sherehe ya watu asiowajua. Huku kwetu jambo hilo lilikuwa zito zaidi. Filamu ya 2019 ilimhitaji mtu awe na nauli na tiketi tu, lakini Disney+ haikuwa ikiuzwa rasmi Tanzania wala Kenya wakati The Marvels inatoka, na aliyetaka kuyajua yaliyotangulia ilibidi ayatafute kwa njia ambazo sitaziandika hapa. Hata Bob Iger, aliyekuwa mkuu wa Disney wakati huo, alisema mwezi huohuo kwamba kampuni ilizalisha kazi nyingi mno, na kwamba usimamizi wakati wa kupiga picha, katika siku za korona, haukutosha. Katika yote hayo sioni mahali ambapo mhakiki wa 2019 anahusika.

Kwa nini basi nihangaike na kosa la kusoma takwimu za burudani? Kwa sababu maamuzi hufanywa kwa kusoma hivyohivyo. Mwezi Agosti 2014 Isaac Perlmutter, aliyekuwa bosi wa Marvel, alimwandikia mkuu wa Sony barua pepe fupi ambayo baadaye ilivuja. Ndani yake aliorodhesha filamu tatu za mashujaa wa kike, Catwoman ya 2004, Elektra ya 2005 na Supergirl ya 1984, na kuzitaja kama maafa. Na kweli zilikuwa maafa, ila filamu mbovu za mashujaa wa kiume za miaka hiyohiyo hazikuorodheshwa na mtu yeyote kuonyesha kwamba wanaume hawauzi tiketi. Captain Marvel ilitangazwa miezi miwili baada ya barua ile, ikapangiwa Julai 2018, ikasogezwa hadi Novemba, ikasogezwa tena hadi Machi 2019. Sasa The Marvels imeiongezea orodha ile mstari wa nne, na wanaoisambaza wanadhani wanazungumzia uaminifu wa wahakiki. Natasha Romanoff, mwanamke wa kwanza katika kundi la Avengers la sinema, aliingia kwenye mfululizo mwaka 2010. Filamu yake mwenyewe ilitoka Julai 2021, miaka miwili baada ya mhusika huyo kufa ndani ya Endgame.